Pazia mbele ya shimo jeusi: uchambuzi wa kisa cha NGC 5548

Kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Agosti 2013, darubini ya eksirei ya XMM-Newton iliitazama galaksi moja, NGC 5548, mara 12, kila mara kwa zaidi ya sekunde 50,000. Lengo lilikuwa kupima upepo wa gesi ambao ulikuwa ukijulikana kwa zaidi ya miaka kumi: uko umbali gani kutoka kwenye shimo jeusi, na unabeba maada kiasi gani. Data ilipofunguliwa, upepo huo haukuweza kupimwa kama ilivyopangwa, kwa kuwa mwanga ambao ungeuonyesha haukuwepo. Katika nishati zilizo chini ya kiloelektronivolti 1 (keV), karibu asilimia 90 ya eksirei zilizotarajiwa zilikuwa zimepotea.

Kuna njia mbili za kuelewa upungufu wa namna hiyo. Huenda kiini cha galaksi kilififia chenyewe, au kitu kilipita mbele yake. Ukitazama eksirei za nishati ya chini peke yake, njia hizo mbili zinafanana kabisa. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu jibu lilipatikana, na lilipatikana kwa kuwa vyombo sita vya angani vilikitazama kitu kimoja katika kampeni moja, vingi kati yake kwa wakati mmoja.

Kiini chenyewe

NGC 5548 iko katika kundinyota la Boötes, kiasi cha miaka-nuru milioni 245 kutoka kwetu. Ni miongoni mwa galaksi ambazo Carl Seyfert alizitaja mwaka 1943 kwa kuwa na kiini king'avu chenye mistari mipana ya spektra (mwanga uliopangwa kwa nishati zake). Mistari yake imesogea kuelekea upande mwekundu kwa 0.0172. Namba hii isikosewe hata kidogo, maana kila kasi ya gesi itakayotajwa hapa chini hupimwa kwa kuanzia hapo.

Shimo jeusi lina uzito wa takriban Jua milioni 39. Kutokana na uzito huo, kipimo cha msingi cha urefu karibu na shimo, yaani nusu-kipenyo cha mvutano, ni kilomita milioni 58 hivi, na nuru hukivuka kwa dakika tatu na kidogo. Gesi inayoelekea kumezwa hujipanga kuwa diski inayong'aa zaidi katika urujuanimno. Karibu kabisa na shimo kuna korona, eneo dogo lenye elektroni za halijoto ya takriban digrii bilioni moja. Elektroni hizo huzipiga fotoni za diski na kuzipandisha nishati hadi zikawa eksirei. Spektra ya korona ni rahisi: idadi ya fotoni hupungua kwa mpangilio wa kipeo kadiri nishati inavyopanda, na kipeo hicho katika galaksi za aina hii huwa kati ya 1.5 na 2. Urahisi huu ndio msingi wa kazi yote, kwa sababu chochote kinachopindisha mstari huo ni dalili ya gesi iliyoko njiani.

Siku-nuru chache kutoka kwenye shimo liko eneo la mistari mipana, mawingu mazito yanayozunguka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mbali zaidi, kwa umbali wa parseki (parseki moja ni miaka-nuru 3.26), liko eneo la mistari myembamba.

Upepo wa zamani

Desemba 1999, miezi michache baada ya kurushwa, darubini ya Chandra ilielekezwa NGC 5548 ikitumia gretingi yake ya nishati ya chini, kifaa kinachotawanya mwanga kwa mawimbi yake. Ilikuwa mara ya kwanza mistari ya ufyonzaji wa eksirei ya galaksi ya Seyfert kuonekana mmoja mmoja. Kabla ya hapo vigunduzi vilionyesha tu kuwa spektra ina bonde kati ya keV 0.7 na 1, na bonde hilo lilisomwa kuwa ni gesi yenye ioni za oksijeni, yaani atomi zilizopoteza elektroni. Sasa mistari ya oksijeni, kaboni, nitrojeni, neoni na chuma ilionekana, na yote ilikuwa imesogea kuelekea mawimbi mafupi. Gesi ilikuwa inakuja upande wetu, kwa kasi kuanzia mamia ya kilomita hadi zaidi kidogo ya 1,000 kwa sekunde. XMM-Newton ilirudia kipimo mwaka 2001, na Chandra tena mwaka 2002 kwa muda mrefu zaidi. Upepo ulikuwepo kila mara. Wataalamu waliugawa katika vipande sita, kila kimoja na kiwango chake cha uionishaji.

Kiwango hicho hupimwa kwa kigezo kinachoandikwa ξ: mng'ao wa kiini ukigawanywa kwa zao la msongamano wa gesi na mraba wa umbali. Kikiwa kikubwa, atomi zimevuliwa elektroni nyingi. Hapa wengi huteleza. Wakisikia ioni ya oksijeni iliyobaki na elektroni mbili tu, hudhani gesi lazima iwe na digrii milioni moja au zaidi. Ingekuwa hivyo kama elektroni zingevuliwa kwa migongano. Karibu na kiini cha galaksi zinavuliwa na mwanga, na gesi yenyewe inaweza kubaki na digrii makumi ya maelfu tu.

Spektra ya 2013 iliyojumlishwa inalionyesha hilo kwa macho. Katika eneo la mawimbi ya angstromu 21.6 hadi 22.1 (angstromu ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), kabla ya kuhesabu msogeo mwekundu, oksijeni yenye elektroni mbili hutoa mistari mitatu iliyosimama jirani. Gesi iliyochemshwa kwa migongano huufanya mstari wa angstromu 21.60 kuwa na nguvu sana. Gesi inayoangazwa na kiini huupa nguvu ule wa 22.10. Katika NGC 5548 ule wa 22.10, ambao kwetu unafika karibu na 22.48, umewapita wenzake waziwazi. Ushahidi wa pili ni vilima vyembamba vinavyotokea elektroni zinapojiunga tena na ioni za kaboni: upana wa kilima hutegemea halijoto ya elektroni moja kwa moja, na vilima hivi ni vyembamba, vya elektronivolti chache tu.

Kwa nini chombo kimoja hakitoshi

Kigunduzi cha pn cha XMM-Newton hukusanya fotoni nyingi kati ya keV 0.3 na 10, lakini hutenganisha nishati kwa takriban elektronivolti 150 kwenye keV 6. Kwa mstari wa chuma wa keV 6.4 hiyo ni sawa na kasi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, kwa hiyo upepo wa kilomita 1,000 hauwezi kuonekana humo kama mstari wenye umbo lake. Ile mistari mitatu ya oksijeni imeachana kwa elektronivolti 13 tu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Pn huimeza yote kuwa donge moja. Spektromita ya gretingi ya darubini hiyohiyo, RGS, hutenganisha takriban angstromu 0.06 hadi 0.07, na usahihi wa mizani yake ya mawimbi ni kiasi cha angstromu 0.006. Kwenye angstromu 22 hiyo ni kilomita 80 kwa sekunde. Ila RGS huona eneo la chini ya keV 2.5 tu, yaani palepale ambapo mwanga wa 2013 ulikuwa umepotea.

NuSTAR na INTEGRAL, darubini za eksirei kali, ziliongezwa kwa ajili ya nishati za juu ya keV 10, ambako gesi ya kawaida haizuii chochote cha maana. Hubble, kwa spektrografu yake ya COS, ilichukua urujuanimno siku zilezile. Darubini ya Swift ilipita karibu kila siku kwa muda mfupi na kushona mapengo kati ya vipimo virefu. Chandra ilikuja Septemba, galaksi ilipong'aa kwa ghafla. XMM-Newton ilirudi Desemba 2013 na Februari 2014, na kufanya jumla ya vipimo vyake kuwa 14.

Neno "wakati mmoja" lina uzito hapa. Kiini hiki hubadilika ndani ya siku chache. Ukichukua eksirei za wiki hii na urujuanimno wa mwezi uliopita, uwiano utakaoupata kati yao hauna maana, na ndio uwiano unaotumika kukokotoa uionishaji wa gesi yote.

Kuandaa data

Kazi huanza kwa kuzalisha upya faili za matukio kwa epproc na rgsproc za kifurushi cha SAS, programu za kuchakata data ya XMM-Newton, ukitumia faili za upimaji wa chombo zilizo mpya. Faili zilizochakatwa tayari kwenye hifadhi huenda zilitengenezwa kwa upimaji wa zamani.

Hatua ya pili ni kuondoa vipindi vya milipuko ya protoni. Chora mkondo wa matukio ya juu ya keV 10 kwa vipande vya sekunde 100. Kizingiti kinachotajwa mara nyingi kwa pn ni matukio 0.4 kwa sekunde, lakini kizingiti hicho ni cha kigunduzi kizima. NGC 5548 ilichukuliwa kwa dirisha dogo, na eneo likipungua idadi ya matukio hupungua pia. Ukitumia 0.4 bila kufikiri utaacha milipuko mingi ndani. Angalia mkondo wenyewe, tafuta kiwango cha utulivu, kisha kata juu yake.

Dirisha dogo lina gharama: kigunduzi huhesabu kwa takriban asilimia 71 tu ya muda. Faida yake ni kwamba fotoni mbili haziangukii seli moja kwa pamoja na kusomwa kuwa moja yenye nishati kubwa. Kasoro hiyo huigiza spektra iliyokakamaa, yaani yenye eksirei kali nyingi kuliko laini, na katika kisa ambacho swali lenyewe ni "kwa nini spektra imekakamaa", huwezi kuiachia nafasi. Endesha epatplot ya SAS na uhakikishe mistari ya nadharia na ya data inakaa pamoja, hasa chini ya keV 2.

Kuna mtego mmoja mahususi wa data hii. Kadiri miaka ilivyopita angani, uhamishaji wa chaji ndani ya pn ulizorota, na marekebisho yaliyokuwepo hayakuufuata vizuri. Mstari wa chuma ulijitokeza juu ya nishati yake halisi kwa makumi ya elektronivolti. Chukua elektronivolti 40: kwenye keV 6.4 hizo husomeka kama gesi ya chuma inayokuja kwetu kwa kilomita 1,900 kwa sekunde. Upepo huo haupo. Dawa ni kulinganisha na NuSTAR na vigunduzi vya MOS vya XMM-Newton, kisha kuruhusu msogeo mdogo wa nishati kwa pn peke yake ndani ya modeli. Mstari wenyewe, ukishasahihishwa, unakaa keV 6.4 katika mfumo wa galaksi, yaani 6.29 kwetu.

Kwa RGS, kipimo kimoja cha 2013 kina fotoni chache mno za kusoma mistari. Vipimo vyote 14 vikijumlishwa hutoa takriban sekunde 770,000. Usijumlishe kabla ya kukagua kama mistari ya utoaji imebadilika kati ya kipimo na kipimo. Hapa haikubadilika, na kuna sababu: gesi inayoitoa iko takriban parseki 14 kutoka kiini, na eneo la ukubwa huo huchanganya mwanga wa miaka mingi. Mwanga wa msingi, kwa upande mwingine, ulibadilika, kwa hiyo spektra iliyojumlishwa inafaa kwa mistari ya utoaji na haifai kupima pazia la siku fulani.

Kuthibitisha kuwa ni pazia

Korona ingekuwa imefifia, eksirei za juu ya keV 10 zingeshuka pamoja na zile za chini. NuSTAR na INTEGRAL ziliziona zikiwa katika kiwango cha kawaida cha galaksi hii. Diski nayo haikuzima. Urujuanimno ulikuwa na nguvu. Mstari mwembamba wa chuma ulibaki thabiti katika kampeni yote, ingawa ushahidi huu ni dhaifu zaidi kwa kuwa gesi inayoutoa iko mbali na huchelewa kupata habari za kiini. Na Swift, yenye kigunduzi chake tofauti kabisa, iliona upungufu uleule, jambo linaloondoa kasoro ya chombo.

Upungufu unaoanza chini ya keV chache na kuongezeka kadiri nishati inavyoshuka ndiyo sahihi ya ufyonzaji. Fikiria gesi isiyoionishwa yenye atomi 1.2 × 10²² za hidrojeni kwa kila sentimita ya mraba ya njia. Kwenye keV 1 hupita asilimia 5 hivi ya mwanga. Kwenye keV 10 hupita zaidi ya asilimia 95. Kwenye keV 0.5 hapapiti kitu.

Na hapo ndipo penye utamu. Spektra ya 2013 haikufika sifuri kwenye keV 0.5. Palibaki mabaki, na mabaki hayo yalibadilika siku hadi siku. Sehemu yake ni mistari ya utoaji ya gesi ya mbali, ambayo pazia haliifuniki. Hiyo haitoshi kueleza mwanga laini usio na mistari uliobaki chini yake. Lazima pazia liwe na matundu: lifunike sehemu ya korona na kuacha sehemu. Modeli iliyokubalika ina tabaka mbili. La kwanza lina ile 1.2 × 10²², uionishaji mdogo wenye logi ya ξ ya takriban -1.2, na linafunika asilimia 86 ya chanzo. La pili ni zito zaidi, 9.6 × 10²², karibu halijaionishwa, na linafunika asilimia 30 hivi.

Je, haiwezi kuwa upepo wa zamani umenenepa tu? Hapana. Upepo wa zamani ukinenepa, mistari yake myembamba ingezidi kina huku nafasi kati ya mistari ikibaki wazi. Kilichoonekana ni mwanga wote kuzama kwa ulaini. Hubble ilifunga mjadala: kwenye upande wa bluu wa mistari ya hidrojeni, kaboni na nitrojeni kulikuwa na mabonde mapana ya ufyonzaji yasiyokuwepo katika spektra za awali, yakifika kilomita 5,000 kwa sekunde. Hiyo ni kasi mara tano ya upepo wa zamani. Eksirei zilitoa unene wa gesi, urujuanimno ukatoa kasi yake. Hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho kingeweza kutoa vyote viwili.

Mpangilio wa modeli

Anayetaka kurudia kazi hii kwa SPEX au XSPEC, programu za kulinganisha modeli na spektra, afuate mpangilio, kwani ukianza mahali pasipofaa utafika mahali pasipofaa. Anza na nishati za juu ya keV 5 pamoja na NuSTAR, upate kipeo cha korona na mwangwi wake kutoka kwenye gesi baridi. Usiguse nishati za chini bado. Ukiingiza data yote ya pn kwa mpigo na kuweka tabaka moja tu la ufyonzaji, programu itakuletea korona yenye mteremko mdogo kupita ambao korona ya kawaida hutoa, na takwimu zitakuridhisha huku fizikia ikilalamika. Sababu ni kwamba unene wa pazia, sehemu inayofunikwa na kipeo cha korona hufidiana: ukibadilisha kimoja, vingine viwili vinasogea kukificha.

Kisha weka gesi ya galaksi yetu wenyewe, 1.45 × 10²⁰ kwa sentimita ya mraba, na uifunge isibadilike. Ongeza mistari ya utoaji kutoka RGS iliyojumlishwa. Baada yake upepo wa zamani, ukichukua unene na kasi zilizopimwa mwaka 2002. Mwisho kabisa tabaka mbili za pazia.

Utaratibu wa kuzidisha una maana yake. Mwanga hutoka korona, hupita pazia, hupita upepo wa zamani, husogezwa mwekundu, kisha hupita gesi ya galaksi yetu. Msogeo mwekundu ukiwekwa baada ya gesi ya kwetu, kingo za oksijeni za nyumbani zitaangukia mawimbi yasiyo yake. Mistari ya utoaji haipiti pazia, kwa hiyo iwe na njia yake tofauti ndani ya modeli.

Kwa fotoni chache tumia takwimu ya Cash, kipimo cha ulinganifu kinachofaa hesabu ndogo. Takwimu ya khi-mraba hupotosha matokeo kwa kushusha mwanga chini ya ulivyo pale hesabu zikiwa ndogo. Na kati ya chombo na chombo weka kizidishi huru, maana upimaji wa pn, RGS na NuSTAR haulingani kikamilifu.

Pazia liko wapi

Mabonde ya urujuanimno yanakula pia mwanga wa mistari mipana, siyo wa diski peke yake. Kwa hiyo gesi iko mbele ya angalau sehemu ya eneo la mistari mipana. Haiwezi kuwa ndani kabisa. Lakini inafunika sehemu tu ya eneo hilo, na hufunika korona kwa vipande, jambo linaloizuia kuwa mbali sana. Makadirio yaliyotoka ni siku-nuru chache.

Chukua siku-nuru 3, sawa na kilomita bilioni 78. Hiyo ni nusu-kipenyo cha mvutano mara 1,350 hivi. Gesi inayozunguka hapo ingekuwa na kasi ya takriban kilomita 8,200 kwa sekunde. Korona yenye upana wa vipimo 10 vya namna hiyo, yaani kilomita milioni 580, ingevukwa na ukingo wa wingu kwa saa 20. Hesabu hii ni ya mkono, lakini inaeleza kwa nini sehemu inayofunikwa ilibadilika kutoka siku moja hadi nyingine huku pazia lenyewe likidumu. Ufuatiliaji wa Swift wa miaka iliyofuata ulithibitisha kwamba badiliko la sehemu inayofunikwa ndilo chanzo kikuu cha kubadilika kwa spektra. Kwa umbali huo na kasi hiyo, asili inayoelekea zaidi ni diski yenyewe: gesi imenyanyuliwa na kusukumwa nje.

Galaksi ya NGC 1365 ni mfano wa kulinganisha. Huko mawingu mazito hupita mbele ya korona na kuondoka kwa muda wa saa au siku. Pazia la NGC 5548 lilidumu miaka, kwa hiyo ni mkondo unaoendelea kulishwa, wenye mabonge ndani yake.

Kivuli kilichofaa

Upepo wa zamani haukutoweka mwaka 2013. Uliendelea kuwepo katika kivuli cha pazia, ukipata mwanga mchache kuliko ulivyozoea. Mwanga ukipungua, ξ hushuka na elektroni hurudi kwenye ioni. Katika urujuanimno ikajitokeza mistari ya ioni zenye chaji ndogo ambayo kwa kawaida haionekani humo, ikiwemo ya kaboni iliyo katika hali ya msisimko. Kiasi cha kaboni iliyosisimka hutegemea msongamano wa gesi. Msongamano ukijulikana, fomula ya ξ inageuzwa na kutoa umbali, kitu ambacho ndicho kilichokuwa kikitafutwa tangu mwanzo. Kipande kikuu cha upepo kiligundulika kiko parseki 3.5 hivi kutoka kiini, zaidi ya miaka-nuru 11.

Tahadhari moja: mng'ao wa kutia kwenye fomula ni ule uliochujwa na pazia, ambao ndio gesi hiyo inaupata. Kiini kisichofunikwa kikitumika badala yake, umbali unatoka mkubwa kuliko ulivyo, na hakuna takwimu ya ulinganishaji itakayokuonya.

Lini lilianza, na kilichofuata

Tarehe kamili ya kuanza haijulikani kwa sababu ya pengo. Swift iliitazama galaksi hii hadi Agosti 2007 bila dalili ya pazia, kisha ikairudia Februari 2012 na pazia tayari lipo. Kati ya hapo hapana kipimo cha Swift. Vipimo vya dakika chache kila mwezi vingetosha kulinasa.

Mwaka 2014 Hubble iliifuatilia NGC 5548 karibu kila siku kwa miezi sita hivi ili kupima jinsi mistari mipana inavyoitikia mabadiliko ya diski. Kwa muda wa miezi miwili hivi mistari iliacha kuitika ipasavyo, kisha ikarejea. Maelezo yaliyopendekezwa yanarudi kwenye pazia hilihili: sehemu yake iliyo karibu na diski ikibadilika unene, hubadilisha mwanga unaofika kwenye mawingu ya mistari mipana, hata kama sisi tunaona diski ileile.

Somo la pengo lilizingatiwa. Programu ya Swift iliwekwa kuchunguza galaksi kadhaa kwa uwiano wa eksirei kali na laini. Uwiano ukiruka ghafla, vyombo vikubwa huitwa. Desemba 2016 galaksi ya NGC 3783 iliruka, na XMM-Newton, NuSTAR na Hubble zikaifikia mwezi huohuo. Pazia lilikuwepo, na mabonde mapana ya urujuanimno yalikuwepo nayo. Kisa kama cha NGC 5548 kinaweza basi kunaswa kikiwa kinaendelea, mradi uwiano huo usomwe kwa uangalifu. Peke yake hauwezi kutenganisha pazia na korona iliyobadilika umbo, kwa hiyo urujuanimno wa Swift uangaliwe papo hapo: eksirei laini zikishuka huku urujuanimno ukibaki palepale, omba muda wa darubini kubwa.

XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, hutenganisha takriban elektronivolti 5 kwenye keV 6, na imebadilisha kabisa usomaji wa mistari ya chuma. Lakini vali ya lango mbele ya kigunduzi chake cha Resolve haijafunguka, na dirisha lake huzuia eksirei za chini ya keV 1.7 hivi. Mistari ya oksijeni na kaboni, ambayo ndiyo iliyobeba kisa hiki, iko chini ya hapo. Kwa upande huo bado zinategemewa RGS ya XMM-Newton na gretingi za Chandra, vyombo vilivyorushwa mwaka 1999, na anayepanga kufuatilia pazia jipya aanze kwa kuomba muda wa RGS wa angalau sekunde 50,000 siku ileile ambayo Hubble itatazama.